Anza na besi: nilivyoharibu pesa kwenye spika za njia tatu

Jana kaja jamaa wa mtaani na mfuko kutoka Kariakoo, ndani kuna besi za gari inchi 10 zimeandikwa wati 1000, midi za inchi 5, na twita za honi zile wanazofunga kwenye spika za harusini, anataka nimsaidie kutengeneza spika ndefu za kusimama, njia tatu, yaani besi inapiga sauti za chini, midi za kati, twita za juu. Nikacheka, si kwa dharau, ni kwamba huo mfuko mi nshawahi kuununua, karibu vilevile.

Zangu za kwanza nilikata mbao za MDF za milimita 18, boksi safi, rangi nyeusi, ukiziona unasema za dukani. Nikawasha. Loh! Twita zinachana masikio, besi inasikika kama iko kwa jirani. Nikaongeza sauti ili besi itoke, mama watoto akafunga mlango wa chumbani. Nikaenda kununua amplifaya kubwa zaidi, pesa ikaenda na shida ikabaki palepale, maana ukiongeza nguvu unaongeza vyote kwa pamoja, twita nayo inapanda.

Kosa langu nilikuwa nasoma wati. Wati za nyuma ya sumaku, tena nyingi zimetiwa chumvi, zinakwambia spika inavumilia kiasi gani kabla koili ya ndani yake haijaungua, hazikwambii inapiga kwa ukubwa gani. Cha kusoma ni sensitiviti, yaani ukiipa volti 2.83 na ukapima mita 1 mbele yake inatoa desibeli ngapi, kile kipimo cha ukubwa wa sauti. Besi yangu ilikuwa 85, koni nzito ya gari, honi ilikuwa 98. Tofauti 13. Na kila desibeli 3 unahitaji wati mara mbili, kwa hiyo besi ile ili iifikie honi ilitaka nguvu karibu mara 20. Amplifaya gani hiyo?

Sa shika hili moja: twita na midi unaweza kuzipunguza kwa rizista, kile kipande kinachozuia umeme, ila besi huwezi kuipandisha. Ndo maana unaanza na besi, halafu midi na twita unazitafuta zilizo sawa nayo au zilizoizidi kidogo. Watu wengi wanafanya kinyume, wanapenda twita inayong'aa dukani alafu besi inakuwa ya pesa iliyobaki.

Tena hata hiyo namba ya besi usiiamini yote. Boksi jembamba lina tabia ya kuiba, uso ukiwa na upana wa sentimita 25, sauti za chini ya hezi 460 hivi (hezi ndogo ni sauti nene, kubwa ni nyembamba) zinaanza kuzunguka kwenda nyuma badala ya kuja kwako, na hasara inaweza kufika desibeli 6 spika ikiwa mbali na ukuta. Ukiisogeza ukutani inarudi kidogo. Mi sebuleni kwangu huwa natoa 4 tu kwenye namba ya besi, ndo imenikaa.

Za pili nikafanya hivi: kila boksi besi mbili za inchi 8, omu 8 (omu ni ukinzani wa umeme), sensitiviti 87. Ukiziunga chanya na chanya, hasi na hasi, unapata omu 4 na namba inapanda mpaka 93. Nikatoa 4 yangu, 89. Midi nikapata ya 90, twita ya kuba ya omu 8 ilikuwa 95, hiyo nikaiwekea rizista mbili za wati 10 zile nyeupe, ya omu 4 inakaa njiani kwenye waya wa chanya, ya omu 8 inaungana na chanya na hasi za twita yenyewe. Inashuka 6, na krosova, ile saketi inayogawa sauti kwa besi, midi na twita, bado inaona omu 8 zake. Imekuwa 89, kwisha habari. Ila angalia amplifaya yako nyuma, kama imeandikwa omu 8 peke yake usiifungie omu 4, itachemka.

Omu ndo zinaua watu kwenye krosova za kununua tayari. Nyingi zimepigiwa hesabu ya omu 8, we ukifunga besi ya omu 4, koili ya krosova iliyo peke yake, iliyotakiwa kukata hezi 400, inakata kama 200, na midi bado inaanzia 400. Hapo katikati panabaki shimo, na sauti ya mwanaume ndo inaishi hapo, mwimbaji anaonekana ana mafua. Multimita inatosha kukagua, omu 8 inasoma kama 6 hivi, omu 4 inasoma kama 3 na kitu.

Kwenye kupokezana, pale midi inapoiachia twita, twita usiishushe chini ya mara mbili ya mlio wake wa asili, yaani hezi ambazo inatetemeka yenyewe, ukiwa hezi 1500 basi anzia 3000. Midi ya inchi 5 kufika hapo inaweza, ikizidi sauti inabana mbele tu, ukisogea pembeni ya kochi huisikii vizuri.

Halafu midi ipewe chumba chake jamani! Mi niliiacha wazi humohumo na besi, kila ngoma ikigonga koni ya midi inatikisika kwa upepo wa besi, sebene lote likawa matope. Nikakata kipande cha bomba la PVC la inchi 6, nikaziba nyuma, nikajaza pamba ya mto.

Mwisho jaribu kugeuza waya za midi. Krosova nyingi za koili moja na kapasita moja kila sehemu inapokata (midi inakata chini na juu, kwa hiyo ina mbilimbili) zinataka midi igeuzwe chanya na hasi, kwangu kabla ya kugeuza mwimbaji alikuwa kajificha nyuma ya gitaa, nilipogeuza akaja mbele.

Yule jamaa karudi dukani asubuhi, kaambiwa mali ikiuzwa hairudi. Nimemwambia zile besi za gari tuzifanyie sabufa yenye amplifaya yake, huko tunapandisha besi peke yake tunavyotaka. Honi bado zipo kwenye mfuko.