Kompyuta mpakato inayopata joto wakati wa mchezo

Ndugu, kompyuta mpakato inayoanza kukwamakwama baada ya dakika 20 za mchezo kwa kawaida haijaharibika, kwani prosesa nyingi (chipu kuu zinazoendesha kompyuta), zinapokaribia nyuzijoto 100 za Selsiasi, hujipunguzia kasi zenyewe ili zisiungue. Kwa vumbi letu la kiangazi hapa Moshi, anza na feni na matundu ya kutolea hewa, ambayo katika mashine ninazotengeneza huyakuta yamezibwa na utando mzito kama blanketi. Izime, ipulize kwa hewa kavu huku umeishikilia feni isizunguke, na usiitumie juu ya godoro. Joto lisipopungua, badilisha pasta ya prosesa (ule uji mzito unaopitisha joto kutoka kwenye prosesa kwenda kwenye kipoozeo chake), isipokuwa kama badala yake imewekwa metali ya kimiminika, ambayo hupitisha umeme na ni ya kumwachia fundi.