Barua kwa mwanangu: hiyo bunduki nyepesi unayotaka kununua

Mwanangu, salaam nyingi kutoka huku Kigumba, Uganda, sisi wote wazima, mama yako goti tu linamsumbua, mvua imekuja vizuri safari hii ila nyani wameshaanza kuonja mahindi kabla sisi wenyewe hatujayaonja.

Ile voisi yako ya juzi nimeisikiliza mara tatu. Mara ya kwanza nilidhani netwaki inanidanganya. Unasema wenzako wa hospitali huko Texas wamekupeleka renji, kule kwa kulenga shabaha, Jumamosi mbili, umepiga ka-AR kepesi, umekapenda, sasa unataka kununua kako, na unaniuliza baba we ulibeba bunduki miaka 24, ni kitu kizuri ama ni ujinga. Nilicheka kwanza, maana mimi ndo yule yule aliyewavunjia bunduki za mgomba mkiwa watoto, nadhani unakumbuka ulivyolia siku nzima. Alafu nikanyamaza siku mbili. Leo naandika kwa sababu kwenye simu tukianza tu mama yako anaingilia, na yeye jibu lake ni neno moja.

Tuanze na bunduki yenyewe, hiyo ni rahisi. Hizo herufi AR watu wanadhani ni jina la vita, hapana, ni ArmaLite, kampuni iliyoitengeneza mwishoni mwa miaka ya 50, fundi wake akiitwa Eugene Stoner, na mwaka 1959 wakaiuzia kampuni ya Colt. Akili ya huyo mzee ilikuwa kupunguza uzito, akaweka mwili wa aluminiamu pale wengine walipoweka chuma, kitako cha plastiki, na risasi ndogo inayokimbia sana. SMG yetu (huku AK zote tunaita SMG, unajua) ukiiweka magazini, kile kibebeo cha risasi, iliyojaa inakaribia kilo 4, hiyo yako bila risasi inacheza kilo 3, nyingine chini ya hapo. Risasi ya SMG ina gramu 8 hivi na inatoka na mita kama 700 kwa sekunde, yenu inacheza gramu 4 lakini inatoka na zaidi ya 900. Kwa hiyo bega haliumii, mtu mwembamba kama we anapiga asubuhi nzima anarudi anatabasamu, ndo maana ukaipenda, sikulaumu. Ila huo wepesi nao una mambo yake, mtutu mwembamba unapata moto haraka, ukipiga magazini nzima mfululizo utaona matundu yanaanza kutawanyika kwenye karatasi na utadhani macho yako yameharibika, kumbe ni mtutu, acha upoe.

Kama ungeniuliza ya kwanza iwe ipi ningekwambia anza na .22, bunduki ya risasi ndogo, ile Ruger 10/22 iko sokoni toka 1964, magazini yake risasi 10, kilo mbili na kitu, nayo inapiga moja moja inajilisha yenyewe kama hiyo AR, na risasi zake ni za bei ya chini kabisa. Wenzako watakucheka eti ni ya watoto. Waache. Ugonjwa mkubwa wa mpiga shabaha ni kuogopa kishindo, mtu anafumba macho na kusukuma bega kabla hata hajamaliza kuvuta triga, na ukianza na bunduki ya kelele huo ugonjwa unaingia mwilini kutoka kwake ni kazi. Mi nilipokuwa nafundisha makuruta nilikuwa nachanganya risasi moja ya bandia katikati ya nzima bila kuwaambia, mtu anavuta triga inalia tik, na mtutu unaruka wenyewe kama umepigwa teke. Hapo wote tunamwona anavyoogopa hewa. Mwambie mtu wa renji akufanyie hivyo siku moja, utajijua.

Sasa hiyo "moja moja". Hapa nataka tukae kidogo.

We umeniambia baba usiogope hii si ya kumwaga risasi mfululizo, inapiga moja moja tu. Ni kweli, hiyo yako swichi yake ina sehemu mbili tu, sefti na kupiga, wakati SMG ya jeshi ina tatu. Lakini moja moja maana yake nini? Ukipiga ile ya kwanza, gesi ya baruti inarudisha chuma nyuma, ganda linaruka nje, springi inasukuma chuma mbele na chenyewe kinachukua risasi nyingine kinaingiza kwenye chemba, pale risasi inapokaa kabla ya kupigwa. Hujagusa kitu. Kila ukimaliza kupiga bunduki iko tayari kupiga tena, imekutangulia, inakungoja. Bunduki ya koki ya mkono, ile unayoivuta mwenyewe kila risasi, lazima uiambie, hii haingoji kuambiwa.

Ntakwambia kitu ambacho sijawahi kuwaambia nyie watoto. Ilikuwa 1993, nimetoka gadi usiku, mvua, nimechoka kama punda. Utaratibu wa kusafisha silaha nilikuwa naujua kama Baba Yetu: toa magazini kwanza, ndo uvute koki, tazama chemba, ingiza kidole, elekeza pa salama, ndo uachie triga. Usiku ule nikavuta koki kwanza. Risasi ikaruka chini, nikaiokota, nikaridhika, nikasema chemba iko tupu, alafu ndo nikatoa magazini. Umeona? Ile koki iliyotoa risasi moja ndo hiyo hiyo iliyopandisha nyingine. Magazini iko mkononi, roho imetulia, nikavuta triga.

Ilitoboa sufuria ya posho ikaingia kwenye kitanda cha mwenzangu, katikati ya blanketi. Mwenyewe alikuwa ametoka kukojoa.

Nilipewa siku 14 za kuchimba vyoo na nilizichimba bila kulalamika. Tulikaa na yule bwana miaka mingine sita, tukala sahani moja, hakuwahi kulitaja lile jambo hata siku tuliyokunywa, ila kila nikianza kusafisha silaha karibu yake alikuwa anasimama anaenda kutazama kitu nje. Na mi sikuwa kuruta siku ile mwanangu, nilikuwa nafundisha wengine. Kosa lilikaa ndani ya kitu nilichokijua vizuri kuliko jina langu. Kwa hiyo ukinionyesha kwa video jinsi unavyofungua na kufunga haraka haraka kama yule rafiki yako, sitapiga makofi. Polepole, na kidole kwenye chemba kila mara, hata kama uliitazama dakika moja iliyopita, hata kama aliyekupa ni mwalimu.

Jambo lingine ambalo renji hawakwambii ni bunduki inalala wapi. Mwaka 2006 tulikuwa Karamoja, kwa wafugaji, tukikusanya silaha. Zile bunduki nyingi zilitoka mbali, 1979 askari wa Amin walipokimbia kambi ya Moroto waliacha ghala wazi wananchi wakajibebea, na nyingine zikaja kwa mipaka. Kijana mmoja alituletea SMG yake, mbao za kitako zimekuwa laini zinang'aa kama mpini wa jembe la zamani, akaiweka chini taratibu, akaandikishwa, akaenda kukaa chini ya mti. Nilimtazama kwa muda. Mkono wake wa kulia ulikuwa unafunguka na kufunga wenyewe, kama mtu aliyepoteza kitu hajajua ni nini. Nilimwonea huruma nikamcheka kidogo pia, na nilipostaafu mimi mwenyewe miezi mitatu nilikuwa naamka saa tisa usiku napapasa chini ya kitanda, muulize mama yako, ndo maana lile neno lake moja.

We hulindi ng'ombe. Una shifti za usiku, una nyumba ya kupanga yenye kuta za jipsamu, risasi ya hiyo AR inapita ukuta wa jirani na jirani wa jirani, na una mjukuu wangu wa miaka 6 ambaye kila unapoficha tableti anaijua kabla ya jua kuzama. Huko Texas kwenyewe ukiacha silaha iliyojaa mahali mtoto wa chini ya miaka 17 anaweza kuifikia kesi ni yako. Basi nunua kabati la chuma kwanza, la kufunga kwa bolti ukutani, na kisanduku kingine cha risasi chenye funguo yake. Kabati lenyewe tu, tupu. Kaa nalo mwezi mzima na uweke ndani hata pasipoti yako, uone funguo inaishia wapi siku ukirudi saa mbili asubuhi umechoka, kama iko shingoni kwako ama imebaki juu ya friji karibu na mkate. Mi nimeona askari wazuri kabisa wanaotunza silaha kama yai na funguo ya ghala inaning'inia mlangoni.

Mambo ya sheria napita haraka, we una grini kadi, kibali cha kuishi huko moja kwa moja, hapo hakuna shida, utajaza fomu ya duka, 4473, watakucheki kwa kompyuta, jaza ukweli mtupu. Shida ni huyo mtoto wa shangazi yako unayekaa naye. Yeye ni viza ya mwanafunzi, na sheria ya nchi nzima huko inamkataza mtu wa viza ya muda kushika silaha, mpaka awe na vitu kama leseni ya kuwinda. Kushika, sio kununua tu. Hata kukodi kwenye renji ili apige picha ni kushika. Na akikuomba umnunulie kwa jina lako kataa usoni, hilo ni kosa kubwa la jela kwako, na grini kadi inaenda nayo, na shangazi akinipigia kulalamika nitajibu mimi. Funguo asiijue pia.

Na tafadhali usinitumie wala kunibebea chochote, hata magazini tupu, hata springi, eti zawadi ya mzee. Huku raia anayetaka silaha anaomba cheti polisi, na bunduki ya namna ya jeshi ikikutwa kwa raia hayo mambo yanaenda korti martial, mahakama ya jeshi. Supreme Court ilisema Januari 2025 raia wasipelekwe huko, na mwaka huo huo Bunge likatunga sheria ikawarudisha, hayo waachie mawakili. Mi nataka kulima mahindi. Niletee miwani ya kusomea.

Mengine madogo. Ukitoka renji nawa mikono na uso kabla hujamshika mtoto, na nguo zile zifue peke yake, moshi wa risasi una madini ya risasi yenyewe, ile ya sumu, we nesi unajua kuliko mimi. Na masikio. Vaa vya ndani na vya nje vyote viwili, usivitoe hata ukiongea. Mtu wa mkono wa kulia anapolalia kitako sikio la kushoto ndo linaelekea mtutu, sisi enzi zetu tulikuwa tunaweka vipande vya filta ya sigara, wengine hata hiyo hakuna. Langu la kushoto linalia toka 1991, kama panzi wa usiku, mchana na usiku, sikuwahi kuwaambia kwa sababu nyie mlidhani baba ana hasira hajibu.

Kwa hiyo sikukatazi. Kabati, mwezi mmoja, alafu .22, na hiyo AR tutaizungumza mwaka ujao kama bado unaitaka. Ukishafunga hilo kabati nipigie, asubuhi yenu saa tatu huku tayari ni saa kumi na moja jioni nimetoka shamba. Na ukiona nachelewa kujibu usikate, mama yako ndo anashika simu kwanza, ananihamishia sikio la kulia.

Baba yako.