Boga la Halloween lilitoka wapi

Mkuu, umeuliza kwa nini Wamarekani huchonga maboga kila Oktoba 31, sikukuu ya Halloween, na kama hiyo ni ibada ya shetani. Boga lilikuja baadaye. Waayalandi walikuwa wakichonga tanipu, mboga ya mzizi wa mviringo (kazi kwelikweli, lile gumu), na kuweka taa ndani kufukuza pepo wabaya. Walipokimbilia Marekani kwa wingi baada ya njaa iliyoanza kwao 1845 wakakuta boga, kubwa na rahisi kukomba. Nani angerudi kwenye tanipu?

Chimbuko la Halloween huhusishwa na Samhain, sikukuu ya Wakelti (watu wa kale wa Ayalandi na jirani zake) ya kufunga mavuno, usiku walioamini wafu hurudi. Shetani simwoni hapo. Jina Halloween lenyewe ni la kanisani: mkesha wa Watakatifu Wote, sikukuu ya Novemba 1. Kesho yake Wakatoliki, hata wa huku kwetu, huwaombea marehemu wao.