Maiki isiyo na waya inakatakata ukumbini: usiitupe kwanza

Ndugu yangu, umeuliza kama ununue maiki nyingine, kwa kuwa hiyo yako ya mkononi inakatakata kila mshereheshaji akiiacha meza kuu na kuwafuata wageni, ilhali nyumbani inafanya kazi vizuri. Subiri kwanza. Nimefunga mitambo kwenye sherehe na mikutano ya injili hapa Mwanza miaka 9 sasa, na maiki nyingi nilizoletewa kwamba zimekufa zilikuwa nzima kabisa.

Kuna sendoff moja Luchelele, maturubai yako karibu na maji. Risiva, kile kisanduku kinachopokea mawimbi ya maiki, niliificha chini ya meza ya mikisa (mashine ya kuchanganya sauti) ili isiharibu mapambo. Mchana nilijaribu uwanja ukiwa mtupu, sauti safi. Jioni wageni wakasimama kutoa zawadi, baba mkubwa wa binti akapewa maiki atoe nasaha, maneno yakawa yanamezwa. Mzee alisema mambo mazito kwa mwanaye na nusu yake hayakusikika. Hadi leo inaniuma.

Mwili wa binadamu umejaa maji, na maji hunyonya mawimbi ya UHF, yaani mawimbi ya redio yanayotumiwa na maiki hizi. Watu wale wote walikuwa ukuta kati ya maiki na risiva. Halafu mzee aliishika maiki mkiani. Kwenye maiki nyingi za mkononi antena imo humo humo mkiani: kwenye masafa ya 600 MHz wimbi moja lina kama sentimita 50, na antena ya robo wimbi ni sentimita 12 na kidogo tu. Kiganja kikubwa kinaifunika.

Tangu siku hiyo risiva yangu inakaa juu ya stendi, juu ya vichwa vya watu, antena zake mbili zimetanuliwa kama herufi V. Na kila anayepokea maiki namwonyesha kwa heshima: "Mzee, shika hapa katikati." Wanaofumbata wavu nao nawaomba waache. Wakiziba matundu ya nyuma ya kapsuli, kile kinasa sauti kilicho ndani ya wavu, maiki inaanza kuokota sauti ya spika na kupiga mluzi.

Sauti kupasuka ni tatizo jingine, usilichanganye na hili. Mchungaji akipaza sauti na ikapasuka, kushusha kwenye mikisa hakusaidii, kwa sababu imeshapasukia ndani ya maiki kabla ya kurushwa. Shusha geni (kiwango cha kukuza sauti) ya maiki yenyewe. Kwa zingine ni skrubu ndogo ndani ya mfuniko wa betri, zingine iko kwenye menyu. Akija bibi mwenye sauti ya chini, mpandishie kwenye mikisa.

Betri weka alkali mpya kila shughuli. Za kuchaji zina volti 1.2 badala ya 1.5, hivyo taa inaweza kudai zimeisha kumbe bado.

Ukishafanya hayo yote na bado inakata, soma masafa yaliyoandikwa kwenye maiki au risiva. Kati ya 470 na 694 MHz kuna televisheni za dijitali, kwa hiyo tafuta chaneli iliyo tupu: zima maiki, acha risiva ikiwa imewashwa, na uhame kila unapoona taa yake ya mawimbi inawaka. Ikiwa imeandikwa kati ya 694 na 790, masafa hayo yamepewa mitandao ya simu. Hiyo kweli ibadilishe.