Kuvua kwa kujifurahisha Australia: tangulia na rula, mshipi utafuata

Ndugu yetu aliyehamia Brisbane kutoka Mwanza ameuliza mambo matatu: kama anahitaji leseni ili avue kwa kujifurahisha, aanzie wapi maadamu hana boti, na kama anaruhusiwa kuwauzia Waafrika wenzake samaki watakaozidi mahitaji ya nyumbani. Mimi nilikulia Tanga, nikavua Sydney kabla ya kuhamia huku Queensland, jimbo ambalo Brisbane ni mji wake mkuu, kwa hiyo ataniwia radhi nikijibu kwa kirefu. Ningependa ashike jambo moja kuliko mengine yote: huku chombo cha kwanza cha mvuvi ni rula.

Australia haina leseni moja ya taifa zima, kwa kuwa kila jimbo lina sheria yake ya uvuvi. Queensland haidai leseni kwa anayevua kwa mshipi baharini au mtoni, lakini mabwawa yaliyopandikizwa samaki, kama Somerset na Wivenhoe yaliyo karibu na Brisbane, yana kibali chake, na sehemu kubwa ya fedha za kibali hicho hurudi kwa vikundi vinavyopandikiza vifaranga. Ukivuka mpaka kwenda New South Wales, unalipa ada hata ukiwa umesimama ufukweni tu, na Victoria ni vivyo hivyo, ingawa walio chini ya miaka 18 wamesamehewa katika majimbo hayo mawili. Western Australia humtaka anayevua akiwa ndani ya boti ya injini awe na leseni, Tasmania humtaka anayevua samaki wa maji baridi, na Northern Territory haidai chochote. Tofauti hizo zinafika hadi kwenye zana: kimia kidogo cha kunasia chambo kinaruhusiwa Queensland katika maji yanayojaa na kupwa, lakini New South Wales hakiruhusiwi, na kwa mtu aliyezoea kurusha kimia tangu utotoni hilo ni la kukumbuka kabla ya kupakia gari.

Sasa nirudi kwenye rula. Samaki ambaye ungependa sana kumpeleka nyumbani mara nyingi ndiye ambaye sheria inakuamuru umrudishe majini. Mfano mwepesi ni flathead wa mito ya pwani, yule mwenye kichwa bapa anayejifukia mchangani. Queensland inakuruhusu kubaki naye akiwa kati ya sentimita 40 na 75, tena wasizidi 5 kwa mtu mmoja. Aliyepita sentimita 75 karibu daima ni jike, naye hutaga mayai mengi kuliko majike kadhaa wadogo, ndiyo maana anarudishwa. Kaa wa mikokoni, ambaye ni wa aina ileile tunayoikuta kwenye mikoko ya Tanga na Lamu, analindwa kwa ukali zaidi: Queensland jike halichukuliwi kabisa, na dume ni lazima gamba lake lifike sentimita 15 kwa upana. Kila mtu anaruhusiwa mitego 4 tu ya kaa, na kila mtego uwe na boya pamoja na kibao chenye jina la ukoo na anwani ya mwenyewe.

Mtu wa Mwanza ataelewa zaidi nikimtaja barramundi, kwa kuwa samaki huyu ni wa jenasi moja na sangara, na ukiwalaza pamoja undugu wao unaonekana wazi. Hata hivyo, maisha yao ni tofauti. Barramundi anaweza kukulia katika maji baridi, lakini hushuka hadi milango ya mito kuzaliana. Walio wengi huanza maisha wakiwa madume, kisha hugeuka majike wakishapevuka kwa miaka kadhaa. Tukimaliza wakubwa, basi tumemaliza majike. Kwa sababu hiyo Queensland imeweka kipimo cha sentimita 58 hadi 120, na katika pwani yake ya mashariki uvuvi wa barramundi hufungwa kuanzia tarehe 1 Novemba hadi tarehe 1 Februari. Nchi za Ziwa Victoria nazo zilimwekea sangara kipimo cha sentimita 50 hadi 85, kwa hiyo wazo lenyewe si geni kwetu. Kilicho kigeni ni kuona mkaguzi akipima samaki wa mzee aliyekuja gatini na mjukuu wake Jumapili, na mzee huyo akaona ni jambo la kawaida.

Kwa kuwa utarudisha wengi, jifunze kuwarudisha wakiwa hai. Lowesha mikono kabla ya kumshika samaki, usimlaze juu ya zege lenye moto, na tumia ndoana za duara, kwa kuwa hizo hushika pembeni ya mdomo badala ya kuzama tumboni. Ikiwa ameimeza ndoana, kata mshipi karibu na mdomo umwachie, kuichokonoa kunamwua.

Asiye na boti asihangaike. Gati la Shorncliffe na lile la Woody Point yanatosha kwa kuanzia, na baadaye aende Pumicestone Passage, upande wa kisiwa cha Bribie. Binafsi napenda zaidi maji yanapokupwa, hasa siku za bamvua, yaani maji yanapojaa na kupwa kuliko kawaida, kwa sababu vijito vya mikokoni hutoa vidagaa na kamba, na flathead huwasubiri palepale mlangoni. Kabla ya kutupa mshipi, tazama ramani ya hifadhi ya bahari ya Moreton Bay, maana katika maeneo yake ya kijani hakuna kuvua hata kwa ndoana moja. Chambo nunua kwenye duka la wavuvi. Usitumie kamba wabichi wa dukani walionunuliwa kwa kuliwa, kwa kuwa wanaweza kubeba ugonjwa wa madoa meupe, ule ulioyakumba mashamba ya kamba ya mto Logan, kusini mwa Brisbane, mwaka 2016.

Majabali ya New South Wales yaache kwanza. Wimbi moja kubwa linaweza kumzoa mtu aliyesimama mahali palipokuwa pakavu muda mrefu, na wahamiaji wengi wamekufa hivyo. Sheria ya mwaka 2016 inalazimisha kuvaa jaketi la kuokolea katika maeneo yaliyotangazwa. Ukisafiri kwenda kaskazini mwa Queensland, simama angalau mita 5 kutoka ukingo wa maji na usisafishie samaki hapo, kwa sababu ya mamba.

Kuhusu kuuza, jibu ni hapana, hata kwa jirani, hata kwa bei ya kufidia mafuta. Samaki wa burudani unaweza kumla au kumgawa bure, lakini kuuza ni kazi ya mwenye leseni ya biashara. Elewa pia kwamba huku Queensland idadi inayoruhusiwa ni ya samaki ulio nao kwa jumla, si ya siku moja: flathead 3 walio kwenye friza nyumbani wanahesabiwa, na ukienda kesho unaruhusiwa kuongeza 2 tu.