Kugawa diski ya kompyuta ya nyumbani: chomoa kwanza, futa baadaye

Ndugu yangu, umesema una kompyuta ya mezani, diski ya TB 1 ambayo yote ni sehemu moja tu, C, imekuwa nzito, na unataka kuifomati uigawe mara mbili: huku Windows, huku mafaili ya nyumbani. Ukauliza kama picha zitabaki. Nitakujibu kwa yaliyonipata mwenyewe hapa Lamu. Mimi si fundi wa duka, ni yule kijana ambaye mashine yoyote ikigoma mtaani Langoni anaambiwa "ndoo uitazame".

Umechanganya mambo mawili. Kugawa siyo kufomati. C ikiwa na nafasi tupu unaweza kuipunguza, na kile kipande kilichobaki ukakifanya D, bila picha hata moja kupotea. Kufomati C ndiko kunakofuta. Kwa hiyo amua kwanza unataka lipi, maana kama shida yako ni nafasi ya kupangia mafaili tu, huna haja ya kufuta kitu.

Sasa kisa. Ami yangu aliniletea kompyuta nimsafishie. Akaniletea pia diski ya nje, ya kuchomeka kwa USB, ndani yake mna video za harusi ya bintiye na rekodi za Maulidi za miaka kadhaa. Nikahamishia humo mafaili yake yote ya C, nikajiona mtaalamu, nikawasha mashine kwa flashi yenye programu ya kuweka Windows upya. Ile diski ya nje nikaiacha pale pale ilipochomekwa.

Kwenye orodha ya kisakinishi, yaani ile programu ya kuweka Windows, zilitokea diski mbili, sifuri na moja, na zote mbili zilikuwa za GB 500, kwa hiyo zote zimeandikwa 465 na vichele. Jina la kampuni halionekani pale, wala herufi ya C au D uliyoizoea. Ni namba tu. Nikachagua mojawapo, nikafuta patisheni yake, yaani kile kipande cha diski chenye mafaili, nikabonyeza niendelee. Ikanijibu kwamba Windows haiwezi kuwekwa kwenye diski hii kwa sababu imeunganishwa kwa USB. Hapo ndipo damu iliponiganda. Ami mwenyewe amekaa dakani, kikombe cha kahawa mkononi, ananiuliza kama bado kidogo.

Kilichoniokoa ni kwamba sikuandika kitu kingine juu yake. Kufuta patisheni hakugusi mafaili yenyewe. Kunafuta ule mstari kwenye jedwali unaosema patisheni inaanzia wapi na kuishia wapi. Nikaichomoa, nikaipeleka kwenye laptopu yangu, nikafungua TestDisk, programu ya bure. Ikaitafuta patisheni iliyopotea, ikaipata, nikairudishia jedwali lake, na folda za ami zikatokea na majina yake. Ningekuwa nimeshaifomati na kuanza kumwaga vitu vipya, ningebaki na PhotoRec, ambayo huokota picha moja moja lakini majina hairudishi. Unapata maelfu ya mafaili yenye namba, kaa ukitambua harusi ni ipi na Maulidi ni yapi.

Tangu siku ile, kabla ya kuwasha flashi ya Windows nachomoa kila kitu: diski za nje, kadi za kamera, flashi nyingine. Kompyuta ya mezani ikiwa na diski ya pili ndani, nafungua boksi nachomoa waya wake wa SATA, ule unaopitisha data. Dakika tano tu hizo.

Kama unataka kugawa bila kufuta, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika diskmgmt.msc. Bonyeza C kwa kitufe cha kulia, chagua kupunguza. Mara nyingi utakuta una GB 600 tupu lakini inakukubalia 80 tu. Usidhani imeharibika. Kuna mafaili ya mfumo yaliyokaa katikati ya diski na hayasogezwi mashine ikiwa inafanya kazi, hasa la usingizi mzito (hibernation) na la kumbukumbu ya ziada (pagefile). Fungua dirisha la amri kama msimamizi, andika powercfg /h off, zima na kumbukumbu ya ziada kwa muda, washa upya, jaribu tena. Ukimaliza irudishe hiyo kumbukumbu ya ziada.

C mpe GB 200. Mimi zamani nilikuwa nawapa watu 60, baada ya miezi sita wananirudia C ikiwa nyekundu kwa kujaa. Na kuiongeza baadaye ni taabu: chombo hiki cha Windows kinataka nafasi tupu iwe papo hapo upande wa kulia wa C, na mara nyingi pale katikati imejipachika patisheni ndogo ya uokoaji. Usishangae pia TB 1 kuonekana 931. Mwenye kiwanda anahesabu kwa elfu, Windows inahesabu kwa 1024.

Ukiamua kusakinisha upya kabisa, angalia kama diski yako ni MBR au GPT. Hiyo ni mipango miwili ya jedwali la patisheni: GPT ni wa kisasa, MBR ni wa zamani, mwisho patisheni kuu nne, na hauvuki TB 2. Flashi ikiwashwa kwa njia ya UEFI, ule mfumo mpya wa kuwasha mashine, na diski ni ya MBR, kisakinishi kinakataa. Usipigane nacho: nakala zikiwa salama mahali pengine, futa patisheni zote za diski hiyo, chagua nafasi tupu, kitazipanga chenyewe kwa GPT. Windows 11 inadai mashine yenye UEFI, na Windows 10 iliacha kupewa masasisho ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, kwa hiyo sioni sababu ya kung'ang'ania MBR.

Stima kukatika katikati ya kupunguza patisheni ni balaa, na wewe ni wa kompyuta ya mezani. Kama huna UPS, lile boksi la betri linaloshikilia mashine stima ikikatika, azima.

Halafu ule uzito. Kama diski yako ni ya kuzunguka, kufomati kutakupa raha ya wiki mbili kisha utarudi pale pale. Fungua programu ya CrystalDiskInfo uone afya yake. Ikikuonyesha sekta zinazosubiri au zilizohamishwa, yaani vijisehemu vya diski vilivyoanza kuharibika, usiigawe, ziokoe picha zako haraka. Jirani yangu alikuwa na C na D safi kabisa, akaita D "akiba". Hewa yetu ya chumvi inakula vyuma, na diski yake iliponyamaza asubuhi moja, C na D ziliondoka pamoja, maana ni chuma kile kile. Ningekuwa wewe ningenunua SSD, diski ya kasi isiyozunguka, ya kuwekea Windows, ile TB 1 kama bado nzima nikaiacha ya mafaili, na nakala ya picha kwenye diski ya nje inayolala kabatini.

Diski ya nje ya ami nimeibandika utepe, nimeandika kwa kalamu ya wino mzito USIGUSE. Wewe ukifika kwenye ile orodha ya diski, piga picha ya skrini kwa simu uitupie hapa kabla hujabonyeza kitu.