Msimbo mmoja kwenye kadi zote za harusi unatosha?

SWALI: Dada, tunataka kadi zetu za harusi ziwe na msimbo wa QR, ili mgeni athibitishe kuja, aone ramani ya ukumbi na akaguliwe mlangoni. Mchapaji anasema msimbo mmoja kwa kadi zote unatosha. Mama anahofia wazee watakwama nje. Nimsikilize nani?
– Bi harusi mtarajiwa

JIBU: Hongera sana, mdogo wangu. Kwa habari ya mlangoni, msikilize mama.

Msimbo mmoja unafaa kwa ramani na ratiba, mambo ambayo kila mgeni anayaona sawa. Mlangoni haufai hata kidogo. Mtu mmoja akiupiga picha na kuusambaza, kila aliyeupata ana kadi. Kila kadi iwe na msimbo wake, na ndani yake iwemo namba ya kadi tu. Jina, simu na idadi ya watu vibaki kwenye orodha yenu, kwa kuwa msimbo husomwa na yeyote mwenye simu. Ukiskaniwa mara ya kwanza, orodha inaonyesha mgeni ameingia. Nakala ikija baadaye, mlinzi ataiona.

Sasa hofu ya mama. Chini ya kila msimbo ichapwe namba ileile kwa tarakimu, na mlangoni awepo mtu mpole mwenye orodha ya karatasi iliyopangwa kwa majina. Intaneti ikikatika, au mzee akija na kadi iliyochanika, jina lake litatafutwa naye ataingia kwa heshima zote. Kuthibitisha nako, mruhusuni apige simu tu.

Mwulize mchapaji: msimbo wa ramani unakwenda moja kwa moja kwenye ukurasa wenu, au unapitia kwanza kwa kampuni iliyoutengeneza? Ukipitia kwa kampuni, malipo yakikoma unaweza kuzimwa kadi zikiwa tayari mikononi mwa watu. Mimi nachagua wa moja kwa moja. Ukumbi ukibadilika, mnarekebisha maandishi ya ukurasa, anwani inabaki ileile.

Kuhusu urembo, kuwa mkali. Dhahabu inayong'aa juu ya krimu inapendeza, lakini kamera inahitaji rangi nzito juu ya nyeupe, na ukingo mtupu wa upana wa vijiraba vinne vya msimbo wenyewe kila upande. Msimbo huu ulibuniwa Japani mwaka 1994, na kampuni ya Denso Wave, kwa ajili ya kufuatilia vipuri vya magari, ndiyo maana unavumilia madoa: ukitengenezwa kwa kiwango cha juu kabisa cha kujirekebisha, husomeka hata takribani asilimia 30 yake ikiharibika. Herufi za majina yenu zinaweza kukaa katikati, zikiwa ndogo. Ile miraba mitatu mikubwa ya kwenye kona isiguswe, maana kamera huutambua msimbo kwa hiyo.

Kabla ya kuchapa zote, chukua kadi moja, nenda nayo ukumbini jioni, uiskani kwa simu ya zamani.